Nguvu Huja Mwisho



Niliombwa nizungumze juu ya kazi yangu ya umakanika, nami nimechagua kusimulia habari za gari moja tu. Hapa mezani mnaona pistoni iliyotoboka. Ilitoka katika injini yangu mwenyewe, na aliyeitoboa ni mimi.

Gari lenyewe ni Toyota Supra, la umbo lililoanza kuuzwa 1993 na kukoma kutengenezwa 2002. Langu liliundwa 1996, likateremshwa bandarini Mombasa 2003 likiwa limekwisha kutumika Japani, nami nikalinunua 2011. Injini yake huitwa 2JZ-GTE: silinda sita katika mstari mmoja, ujazo wa lita 3, bloki ya chuma cha kusubu, na turbo mbili. Wadogo zangu, turbo ni magurudumu mawili yenye mapanga juu ya mhimili mmoja. Moshi wa ekzosi huzungusha la kwanza, na la pili husukuma hewa ndani ya silinda. Katika injini hii turbo moja huanza kazi mapema, na ya pili hujiunga mizunguko inapokaribia 4,000 kwa dakika.

Gari hili lilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280, kwa sababu watengenezaji wa Japani walikuwa na mapatano ya kutotangaza zaidi ya hapo, mapatano yaliyodumu hadi 2004. Yale yaliyopelekwa Marekani yalitangazwa kuwa na 320. Niliposoma hayo nikadhani nguvu imefichwa tu, kazi yangu ni kuifungulia. Nikaazimia kufika 500.

Haraka yangu haikunipa nafasi ya kusoma ukurasa uliofuata. Turbo za magari ya Marekani zilikuwa na magurudumu ya chuma upande wa moshi, na injekta zake zilipitisha sentimita za ujazo 550 za petroli kwa dakika. Yangu yalikuwa ya kauri, na injekta zilipitisha 440. Nilipoongeza msukumo wa hewa, gurudumu la kauri likavunjika vipande vipande. Huo ulikuwa msiba mdogo.

Nikafunga turbo mbili kubwa zaidi, za chuma, lakini pampu na injekta nikaziacha zile zile. Gerejini nilikuwa na kijana aliyeishia darasa la nane. Tulipojaribu gari, kazi yake ilikuwa kuketi kando yangu na kuandika geji katika daftari. Siku moja akaniambia, "Mzee, hewa ikipanda, petroli inashuka."

Msukumo wa petroli unapaswa kupanda sawia na ule wa hewa. Ukishuka, ujue pampu imeelemewa. Kijana alikuwa ameuona ugonjwa wote kwa sentensi moja. Nami, mwenye cheti ukutani, nilimwambia ashike spana aniachie mimi hesabu. Akanyamaza.

Wiki iliyofuata, juu ya mashine ya kupimia nguvu mjini Nairobi, injini ilitoa mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, kisha moshi ukafunika chumba. Petroli huungua kikamilifu kwa uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1. Turbo zikisukuma kwa nguvu, mafundi huongeza petroli hadi karibu 11.5 kwa 1, maana ile ya ziada hupoza. Kwangu hewa ilizidi na petroli ikapunguka, joto likapanda, mchanganyiko ukawa unalipuka ovyo. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi, na moto wa silinda hupita hapo mbali sana. Pistoni ya sita haikustahimili.

Fedha nilizozichoma siku ile nilikuwa nimezichota katika akiba ya karo ya binti yangu. Kumweleza mama yake kulikuwa kugumu kuliko kufungua injini. Kijana naye aliacha kazi mwezi ule ule. Nilimfuata kwao Mariakani, nikamwomba radhi mbele ya baba yake. Alikubali kurudi kwa sharti moja: daftari lisomwe kabla ya ufunguo kuzungushwa.

Karo nililipa kwanza. Kisha tukajenga upya, na safari hii kwa mpango. Tulianza na pampu mbili na injekta kubwa. Tukachonga silinda kutoka milimita 86 hadi 86.5, tukatia pistoni za kufuliwa. Zikafuata klachi na breki, kwa kuwa gari lisiloweza kusimama halistahili kukimbia. Msukumo wa hewa ulikuja mwisho, tukiupandisha kidogo kidogo na kusoma daftari kila hatua. Mwaka 2014 mashine ile ile ilisoma 548. Kijana ndiye aliyeiandika nambari hiyo, na leo ni mshirika wangu katika gereji.

Wazee wenzangu, sote tuna watu walio chini yetu wanaoziona geji tusizozitazama. Tuwaulize. Nanyi wadogo zangu, mkiona sindano inashuka, semeni, hata mkiambiwa mshike spana.

Mwalimu Mkuu, pistoni hii naiacha katika maabara ya fizikia. Tundu lake lina upana wa kidole gumba. Wanafunzi walipime wenyewe.