Mbwa Aliyefundishwa kwa Mkate

Leo nataka tuzungumze juu ya mbwa. Najua wapo watakaosema, "Bei ya unga inapanda, nauli inapanda, na huyu bwana anatuletea habari za mbwa!" Nawaomba mnivumilie. Mbwa ni njia tu. Tuendako ni nyumbani kwetu.

Mwaka 2018 nilikwenda Italia kumtembelea mdogo wangu wa kike aliyeolewa huko, kwenye vilima vya Piemonte, karibu na mji wa Alba. Ulikuwa mwezi wa Oktoba. Zabibu zilikuwa zimekwisha kuvunwa, na kila asubuhi ukungu ulitanda mabondeni. Baba mkwe wake ni mzee wa miaka zaidi ya sabini, na kazi yake ni kutafuta uyoga. Si uyoga huu wetu unaochomoza baada ya mvua. Huu hukaa chini ya ardhi maisha yake yote, umeshikamana na mizizi ya miti. Waitaliano huuita tartufo. Ukiutazama utadhani ni kiazi kilichosinyaa, lakini ule mweupe wa Alba hupimwa kwenye mizani ndogo na kuuzwa kwa gramu, mithili ya dhahabu.

Sasa, kitu kilichofukiwa utakionaje? Hapo ndipo pua inapohitajika. Uyoga wa kawaida hutawanya mbegu zake kwa upepo. Huu wa chini hauna upepo, kwa hiyo ukipevuka hutoa harufu kali ili wanyama waufukue, waule, na kuzisambaza mbegu. Zamani watu walitumia nguruwe jike. Lakini nguruwe ana ila mbili: huvuruga ardhi na mizizi, na akiupata uyoga huula yeye. Sheria ya Italia ya mwaka 1985 inamtaka msakaji atumie mbwa aliyefundishwa, tena afukie kila shimo alilochimba. Msakaji mwenyewe hufanya mtihani kabla ya kupewa kibali. Na katika kijiji cha Roddi, jirani na Alba, ilianzishwa mwaka 1880 shule ya mbwa hao. Wenyewe wakaiita chuo kikuu! Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza elimu hii ya kusaka katika orodha ya urithi wa binadamu.

Mzee yule alikuwa na mbwa jike wa miezi kumi, jina lake Birba, maana yake Mtundu. Mdogo wangu akiwa mkalimani, nikamwuliza amemfundishaje. Akaniambia alianza Birba akiwa na miezi mitatu, kwa mchezo. Alitia kipande cha tartufo ndani ya kikopo chenye matundu, akakirusha kwenye majani. Mbwa akikileta, anapewa kipande cha mkate na jibini. Baadaye akawa anakificha nyuma ya mti. Kisha akakifukia kina cha vidole viwili, halafu kina cha kiganja. Kila siku dakika chache tu, na aliacha mbwa angali anataka zaidi. Mbwa akishachoka hajifunzi kitu, alisema, anangojea tu kuruhusiwa kwenda zake.

Usiku mmoja alinichukua msituni. Huenda usiku ili majirani wasijue mahali pao, kwani mahali pazuri ni siri ambayo hata mtoto huambiwa kwa kuchelewa. Na wivu upo. Mbwa wake wa kwanza alikufa kwa kula nyama yenye sumu iliyotegwa msituni na watu wasiojulikana.

Birba akanusa, akafukua. Hakuna kitu. Akafukua pengine. Hakuna kitu. Mara ya tatu vilevile. Mzee hakusema neno ila "Twende." Mimi, kwa malezi yangu, nikauliza, "Mbona humchapi?"

Akasimama akanitazama. Akasema, "Mimi sina pua. Pua ni yake. Nikimchapa kwa kukosea, ataacha kuniambia anachonusa. Akiacha kuniambia, mimi ni mzee tu anayetembea gizani."

Mara ya nne Birba alifukua chini ya mti mmoja na kuanza kutikisa mkia. Mzee akamzuia kwa mkono, akamalizia kwa kijembe chake kidogo, akatoa tartufo mdogo kama ndimu. Kabla hajautia mfukoni, akampa mbwa mkate wake. Malipo kwanza, mali baadaye. Kisha akapiga magoti, akalifukia shimo.

Wasikilizaji, usiku ule sikupata usingizi. Nilimkumbuka Simba, mbwa wetu wa nyumbani nilipokuwa mtoto huko Muheza. Simba alikuwa akibwekea kila mgeni, na wageni walilalamika. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumchapa kila akibweka, na niliifanya vizuri mno. Ilichukua mwezi mmoja. Simba akawa mpole, watu wakatusifu. Halafu usiku mmoja wezi walikuja wakachukua cherehani ya mama yetu, ambayo ndiyo iliyokuwa ikilipa karo zetu. Asubuhi tulimkuta Simba chini ya uvungu wa banda la kuku, macho wazi. Aliwaona. Alinyamaza kama alivyofundishwa.

Wala hatuna haja ya kwenda Italia kutafuta mfano mwema. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO huwafundisha panyabuku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya akipatia, husikia mlio mdogo, kisha hupewa ndizi au karanga. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu zaidi ya mia moja, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza. Kwa ndizi, wasikilizaji! Hakuna aliyemchapa fimbo.

Sasa tufike nyumbani. Mwaka jana binti yangu, wa kidato cha pili, alificha ripoti yake ya shule chini ya godoro kwa wiki mbili. Alikuwa ameanguka hesabu. Nilipoigundua, nilivua mkanda. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu, "Baba, niliogopa utafanya hivyo," akiuangalia mkanda.

Nikaurudisha kiunoni. Si kwa sababu mimi ni mtu mwema. Nilimwona Simba chini ya banda. Kwa wiki mbili mtoto wangu alikuwa na shida, mwalimu wa ziada yuko mtaa wa pili, na mimi sikuwa na habari, kwa kuwa nilimfundisha mwenyewe kunyamaza. Na nikajiuliza: siku atakapokutana na jambo baya kuliko hesabu, njiani au shuleni, ataniambia?

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli. Lakini kukunja si kuvunja. Sisemi mtoto asikanywe. Nasema anayekuja kukuambia ukweli, hata kama ni ukweli mchungu, asikute fimbo mlangoni. Mpe kwanza mkate wake, ndipo mkae mlifukie shimo pamoja.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.