Mwisho wa Sentensi Usiosikika: Sauti na Usemaji katika Kazi za Biashara



Waandaaji wa semina hii, ambao nawashukuru kwa taadhima, wameniagiza nizungumze juu ya sauti na ustadi wa mawasiliano kwa maafisa wa mauzo, bima na uwakala wa forodha hapa Mombasa, nami, kwa kuwa nimepangiwa saa inayofuata chakula cha mchana, ambapo kope huwa nzito hata mbele ya khatibu hodari, nitajitahidi nisivuke dakika nilizopewa. Walakini naona ni haki niwaambie mapema kwamba sehemu kubwa ya dakika hizo nitaitumia kwa jambo moja tu, na mengine yote nitayapita mbio.

Kama ilivyo ada, maana kwanza. Mawasiliano ni kumfikishia mwenzio muradi wako akaufahamu kama ulivyoukusudia. Sauti ni mtetemo wa nyuzi mbili zilizomo kooni, ambazo pumzi itokayo mapafuni huzitikisa, kwa mwanamume mzima, kiasi cha mara 100 hadi 130 kwa sekunde, na kwa mwanamke takriban mara 200, kisha ulimi, meno, midomo na kaakaa huufanya mtetemo huo kuwa maneno. Kasi, nguvu, kupanda na kushuka, na kituo, ndizo nguzo zinazotajwa katika kila kitabu cha fani hii, na hapana mtu humu asiyezijua.

Kuna tarakimu, hata hivyo, ambazo siwezi kuzipita kimya, maana nina hakika kwamba wengi wetu tumekwisha kuonyeshwa lile duara lililokatwa vipande vitatu, tukaambiwa kwamba maneno yana asilimia 7 tu ya maana, sauti 38, na wajihi 55. Tarakimu hizo zilitokana na majaribio ya mwaka 1967 ya Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, yaliyohusu namna msikilizaji anavyokisia kama msemaji anampenda au anamchukia, tena aghalabu kwa kusikiliza neno moja moja; na mwenyewe ameeleza bayana kwamba hazihusiki na mazungumzo yasiyokuwa ya hisia. Afisa wa bima anayemweleza mteja masharti ya mkataba akiamini kwamba maneno yake ni asilimia 7 ya kazi, amefundishwa vibaya, na mteja wake ndiye atakayelipa ada ya mafunzo hayo.

Sasa nije kwenye jambo langu. Wasemaji wetu humeza mwisho wa sentensi. Huanza kwa sauti iliyo wazi, wakaendelea nayo hadi katikati, kisha, kadiri wanavyoukaribia mwisho, sauti hupungua, maneno hushikana, na yale manne au matano ya mwisho huingia kifuani mwa msemaji mwenyewe, asiyasikie mtu ila yeye. Nimeyaona haya kwa vijana walioajiriwa juzi, nikayaona kwa wakurugenzi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiyaandika katika ripoti ambazo, kwa kweli, sijui zinasomwa na nani.

Lingekuwa jambo dogo kama mwisho wa sentensi ungekuwa mahali pa mapambo, lakini katika biashara mzigo wa kauli hukaa mkiani. Huko ndiko iliko bei, iliko tarehe, na liliko sharti. Wakala humwambia mwenye mali: "Kontena litatoka Ijumaa, iwapo risiti ya ushuru itakuwa imepatikana kabla ya Alhamisi mchana." Ikiwa yaliyo nyuma ya Ijumaa yamemezwa, mwenye mali ameondoka na ahadi isiyo na sharti, naye Ijumaa ataleta lori langoni, atamlipa dereva na utingo, na zile siku za bure za kuweka mzigo bandarini zitakwisha huku pande mbili zikibishana nani alisema nini. Kadhalika mtu wa bima akisema, "Tutakulipa hasara yote, isipokuwa iliyoletwa na mafuriko," na ile "isipokuwa" ikafia mdomoni, hakusema uongo, ila mteja amesikia uongo.

Sababu zake, kwa nionavyo, ni tatu. Ya kwanza ni pumzi. Msemaji husimama, hutoa salamu ndefu kwa wakubwa mmoja mmoja, kisha, badala ya kutua na kuvuta pumzi mpya, huanza hoja yake kwa pumzi iliyobakia katika zile salamu. Sentensi yenyewe ni ndefu, kwa kuwa kaiandika kwa kusomwa na macho, basi kabla hajafika kituoni kifua ki kitupu. Ya pili ni karatasi, na siku hizi slaidi: jicho husoma mbele ya ulimi, na likisha kuuona mstari unaofuata, nia humalizana na mstari uliopo, nao ulimi huachiwa kazi ya kuumalizia peke yake, tena mwenye slaidi huigeukia ukutani, hivyo yale maneno machache yaliyopona huuendea ukuta.

Ya tatu naitaja kwa hadhari, maana inagusa malezi. Kijana wa pwani, na si wa pwani peke yake, amefundishwa tangu utotoni kwamba mbele ya mkubwa sauti hushushwa, na kwamba kumaliza kauli kwa sauti kamili mbele ya mzee ni kama kumkatia shauri. Malezi haya ni mema, wala sikuja hapa kuyavunja. Hata hivyo, nimemsikiliza afisa kijana akiwaeleza wajumbe wa bodi, ambao wote wana umri wa baba zake, kwamba deni la mteja fulani halilipiki, na lile "halilipiki" likatoka kwa unyonge kiasi cha mjumbe mmoja kumshukuru kwa habari njema. Adabu hukaa katika maneno anayoyachagua mtu, katika kuamkia na katika kuomba idhini ya kusema. Akisha kupewa idhini hiyo, kumnyima mzee mwisho wa habari si adabu.

Simu huongeza dhara. Njia ya kawaida ya simu, kwa kadiri ilivyowekwa tangu zamani, hupitisha mitetemo iliyo kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde, ilhali sehemu kubwa ya mvumo wa herufi kama "s" iko juu ya kiwango hicho, kwa hiyo hukatwa njiani. Tazameni basi tarakimu zetu: "sita" na "tisa" zina irabu zile zile na konsonanti zile zile, zilizobadilishana nafasi tu, na kama ilivyo kwa sita na tisa, ndivyo ilivyo kwa sitini na tisini. Bei ikitajwa kwa simu, mwishoni mwa sentensi, kwa pumzi iliyokwisha, baina ya shilingi elfu sitini na elfu tisini hapana kinachozitenga isipokuwa bahati. Na penye jenereta inayonguruma karibu na ukumbi, kelele zake zina hila nyingine, aliyoieleza tabibu wa Kifaransa Étienne Lombard mwaka 1911, kwamba mtu akiwa katika kelele hupandisha sauti pasipo kujua. Nami naona kwamba apandishaye hivyo mwanzoni huitumia akiba yake upesi, na mkia wa sentensi ndio unaolipa.

Kampuni moja, ambayo sitaitaja, iliniita nichunguze vikao vyake, nikaandika haya yote, ripoti ikapokewa kwa shukrani, ikatiwa failini, na fedha za mafunzo zikanunua spika mbili kubwa. Zile spika ni nzuri, sina neno nazo. Ila mashine hukuza kilichotamkwa, na kilichomezwa haina namna ya kukitoa. Nilipoitwa tena niliambiwa kwamba bado nyuma hakusikiki, na kwamba inafikiriwa kuongezwa ya tatu.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba wengi wa hawa wanaomeza maneno waliwahi kufunzwa kutoyameza. Aliyepita chuoni kwa mwalimu wa Kurani hapa pwani, akasomeshwa tajwidi, alifundishwa makharija ya herufi, yaani kila herufi inatokea wapi, kooni, ulimini au midomoni, na akafundishwa hukumu za kusimama: wapi lazima utue, wapi waweza, na wapi hairuhusiwi kwa kuwa maana itaharibika. Mtoto wa miaka minane akikatikiwa na pumzi mahali pasipofaa hurudishwa nyuma, avute pumzi, aanze upya. Leo mtoto yule yule, akiwa na shahada na tai, husimama mbele ya wateja akakata kauli popote pumzi inapomwishia, wala hapana wa kumrudisha.

Kwa hayo, na kwa idhini ya Mwenyekiti, napendekeza kama ifuatavyo. Kwanza, kila afisa mwenye kazi ya kuzungumza na wateja afundishwe pumzi kabla ya kufundishwa slaidi. Asimame, aweke mkono juu ya tumbo, aone linatanuka anapovuta, na asome kwa sauti mstari mmoja wa barua ya kazi mpaka neno la mwisho liwe na nguvu ya neno la kwanza. Pili, hotuba ziandikwe kwa sentensi fupi kuliko hizi zangu. Tatu, karatasi ya msemaji itiwe alama za vituo kwa kalamu nyekundu, kama zilivyo alama za kusimama katika msahafu, na neno lililobeba bei, tarehe au sharti lipigwe mstari.

Nne, baada ya salamu, msemaji atue. Salamu zenyewe zisipunguzwe, maana hilo halitakubaliwa na sitaki kulipigania, ila baada yake pawe na kituo na pumzi mpya. Tano, tarakimu zote zinazotajwa kwa simu zirudiwe na msikilizaji, na penye sita au tisa msemaji azitaje moja moja, kisha zithibitishwe kwa maandishi siku hiyo hiyo. Sita, masharti yatangulizwe: "Risiti ikipatikana kabla ya Alhamisi, kontena litatoka Ijumaa." Saba, msemaji asiisomee slaidi iliyo mgongoni mwake, na pawekwe mahali pa kusimamia panapomlazimu kuwaelekea watu. Nane, jenereta ihamishwe mbali na ukumbi, na pasipowezekana, kikao kifanywe saa ambazo umeme una uhakika.

Tisa, wakuu wa idara, hasa walio na umri, wawaambie vijana wao kwa kinywa chao wenyewe kwamba wanataka kuwasikia mpaka mwisho, kwani idhini hiyo haitoki kwa mgeni kama mimi. Kumi, na hili nimekwisha kulisema lakini nalirudia kwa kuwa husahauliwa kila mara, fedha za mafunzo zisinunue spika. Kumi na moja, kila afisa ajirekodi kwa simu yake akisoma taarifa ya juma, kisha amsikilizishe mwenzake aliye chumba cha pili mlango ukiwa wazi, na mwenzake aandike maneno ya mwisho ya kila sentensi aliyoyasikia. Yaliyokosekana yasomwe tena. Kumi na mbili, pumzi, kama nilivyosema katika la kwanza.

Lile la jenereta na lile la mahali pa kusimamia yanahitaji fedha, na najua yatapelekwa kwa mhasibu. La kumi litampunguzia kazi. Yaliyobaki hayana gharama, na yanaweza kuanza kesho katika kikao cha asubuhi, kwa sharti kwamba yule atakayesoma kumbukumbu za kikao kilichopita asimamishwe kila anapomeza neno, aanze upya.