Waliotutangulia Kulima Kahawa



Chama chetu kikitimiza miaka 10, twapenda kukumbusha habari za wakulima wa kwanza wa kahawa wilayani Moshi. Mapadre wa misheni ya Kilema waliipanda mwishoni mwa karne ya 19. Wakafuata masetla wa Kizungu, wakafyeka mapori na kufungua mashamba makubwa. Walitaabika, hatukatai. Lakini Wachagga nao walipopanda miche vihambani, kivulini mwa migomba, masetla walinung'unika: eti mashamba madogo yataeneza magonjwa! Sisi twadhani waliogopa zaidi kukosa vibarua.

Wachagga hawakung'oa kahawa yao. Mwaka 1925 waliunda chama chao, KNPA, Bwana Joseph Merinyo akiwa rais, na kazi yake moja kubwa ikawa kupambana na wadudu na magonjwa ya kahawa, yaani jambo lile lile waliloshtakiwa. Mwaka 1933 nafasi yake ikashikwa na KNCU, muungano wa vyama vya msingi.

Miongoni mwetu wako ambao msimu huu hawajapulizia dawa, na jirani zao wanalalamika. Mabomba yako ghalani. Mwanachama aandikishe jina lake kwa karani kabla ya mvua.