Je, Kompyuta Isiyotumiwa na Wengi Iko Salama Zaidi?

Mazungumzo kwa wenye saiba na wakazi wa Kitengela na Kajiado



Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kwa mwenye saiba hilo si jambo dogo. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa nchini haziwezi kupokea Windows 11, kwa kuwa mfumo huo unadai prosesa za karibuni na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Basi mwenye mashine ana njia chache: anunue nyingine, ajiandikishe kupata masasisho ya nyongeza ambayo ni ya muda tu, au aweke Linux, mfumo endeshi usiolipiwa ambao huendesha hata mashine kuukuu. Kuna njia ya nne, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote: kuendelea kama kwamba hakuna kilichotokea.

Fundi anayependekeza Linux mara nyingi huongeza neno la kumtuliza mteja: "Hii haishiki virusi." Wenye Mac nao husema hivyo hivyo. Je, ni kweli?

Kwa sehemu, ni kweli. Virusi vya kompyuta ni programu, na programu huandikwa kwa ajili ya mfumo fulani. Iliyoandikwa kwa Windows haifunguki yenyewe ndani ya Linux. Tena Windows iko katika kompyuta karibu saba kati ya kila kumi duniani, ukiacha simu, ilhali Linux haifikii hata moja kati ya kumi. Mwizi anayetaka kunasa watu wengi kwa kazi moja anajua aelekee wapi. Mfano unaojulikana katika kila saiba ni ile flashi inayorudi na folda zote zimegeuka kuwa njia za mkato. Ukiichomeka katika mashine ya Linux, virusi hivyo havifanyi lolote, na mara nyingi mafaili yaliyofichwa huonekana yote yakiwa mazima.

Lakini usalama wa namna hiyo unafanana na ule wa punda. Kwa miaka mingi punda alilala nje bila mlinzi, kwa kuwa mwizi wa mifugo alitaka ng'ombe na mbuzi. Kisha, kuanzia 2016, vichinjio vya punda vikafunguliwa nchini, ngozi yake ikapata soko China, na familia zikaanza kuamka asubuhi na kukuta mnyama wa kubebea maji hayupo. Wizi ulienea hadi serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020. Punda alikuwa yule yule, ila sasa alikuwa na bei.

Yaliyompata punda yameshatokea katika kompyuta pia. Mnyoo wa kwanza wa intaneti kuvuma duniani, Novemba 1988, haukugusa Windows hata kidogo. Ulishambulia mashine za Unix, mfumo ambao Linux iliundwa kwa kuufuata. Mwaka 2012, Mac zaidi ya 600,000 zilinaswa na programu hasidi iitwayo Flashback, ambayo ilipita katika tundu la programu ya Java. Tundu hilo lilikuwa limeshazibwa kwa watumiaji wa Windows mwezi Februari mwaka huo huo. Wenye Mac walisubiri hadi Aprili. Hapo wachache ndio walioumia, kwa sababu kinga yao ilichelewa.

Mwaka 2016 ikaja Mirai, na hii inahusu Kitengela moja kwa moja, mji ambao maduka na nyumba za kupanga zinazidi kufungwa kamera za CCTV. Kamera na rauta nyingi huendeshwa na Linux ndogo iliyo ndani yake. Mirai ilizunguka kwenye intaneti ikijaribu orodha fupi ya manenosiri ya kiwandani, yale ambayo fundi hufunga kamera na kuyaacha bila kubadilisha. Ikakusanya vifaa hivyo kuwa jeshi, na tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi hilo likasababisha tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zisifikike kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua lolote.

Na simu? Android, ambayo ndiyo iko katika simu nyingi za kupangusa hapa Kenya, imejengwa juu ya kiini cha Linux. Kwenye meza Linux ni ya wachache, mfukoni ni ya wengi, na wezi wamefuata wengi. Ndiyo maana programu za uongo za mikopo na za kamari hutumwa kwa WhatsApp kama faili la APK, nje ya duka rasmi la programu.

Kwa hiyo linalopaswa kuulizwa kwanza ni kama mfumo bado unapata masasisho, na kama yanawekwa. Mwezi Mei 2017, WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150 na kudai fidia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya tundu hilo mwezi Machi, miezi miwili kabla. Walioumia wengi walikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo bado ilihudumiwa. Hawakuwa wamesasisha tu. Windows yenye leseni iliyosasishwa jana ni salama kuliko Linux iliyowekwa miaka minne iliyopita na kusahauliwa. Nayo Windows iliyofunguliwa kwa programu ya wizi wa leseni huenda ilikuja na virusi vyake siku ile ile ya kwanza.

Mwenye saiba anayehamia Linux akumbuke jambo moja zaidi. Wafugaji wa nyanda za Kitengela huondoa ng'ombe karibu na nyumbu wanapozaa. Ndama wa nyumbu hubeba virusi ambavyo havimdhuru yeye, lakini ng'ombe akivipata huugua na mara nyingi hufa. Mashine ya Linux inaweza kuwa nyumbu huyo: inapokea faili lenye virusi vya Windows, haiugui, kisha inalipitisha kwa flashi ya mteja wa pili, ambaye anakwenda kulifungua ofisini kwake Isinya. Programu ya kukagua flashi bado inahitajika, kwa ajili ya wateja.

Hata hivyo, wizi mwingi unaompata mkazi wa kawaida hauhitaji virusi. Simu ndogo ya mulika mwizi si rahisi kuwekewa programu hasidi, lakini nyanya aliyenayo hupigiwa na mtu anayedai ametuma pesa kimakosa, na anazirudisha kutoka akiba yake mwenyewe. Ukurasa bandia unaofanana na wa eCitizen hupokea nenosiri kwa furaha ile ile kutoka Windows, Mac au Linux.

Je, basi Linux ni ushauri mbaya? Hapana. Kwa kompyuta ambayo haiwezi kupokea Windows 11, Linux inayosasishwa ni bora kuliko Windows 10 iliyokwisha kuachwa. Mwenye saiba ahamishe mashine moja kwanza, ajaribu printa, skana na kazi ambazo wateja huleta. Fomu za KRA za Excel zinazotegemea makro zinaweza kumsumbua, hasa Juni inapokaribia kwisha na foleni imefika mlangoni. Kubakiza mashine moja ya Windows inayosasishwa si aibu.

Na iwe mfumo gani, folda ya vipakuliwa ichunguzwe leo jioni. Katika saiba nyingi imejaa nakala za vitambulisho, vyeti vya PIN, barua za HELB na hati za mashamba za watu waliokuja mara moja kuchapisha. Katika mji ambao kiwanja kimoja huweza kuuzwa mara mbili, nakala ya hati ya shamba si takataka ya kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mwananchi haki ya kutaka taarifa zake zilindwe. Mteja akimaliza kuchapisha, atoke katika akaunti yake, aombe faili lake lifutwe, na asimame pale hadi pipa la taka nalo liwe tupu.