Kenya: Mtoto Mwenye Usonji na Uhamisho wa Askari



Askari apewapo amri ya uhamisho hufunga mizigo akaenda, na watoto wake huandikishwa katika shule iliyo karibu na kambi. Lakini mtoto mwenye usonji hahami kwa wepesi huo. Yeye hupata utulivu katika mambo yasiyobadilika: mwalimu yule yule, njia ile ile, hata kikombe kile kile. Akibadilishiwa vyote kwa siku moja, aweza kupiga mayowe au kukataa chakula. Majirani husema hana adabu. Hilo si kweli, na kiboko, ambacho wengi wetu tulilelewa nacho, hakimsaidii hata kidogo.

Jirani zetu wa Kenya wamelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1984 walianzisha vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu, na mwaka 1986 taasisi ya kuwafunza walimu wao. Mwaka 2003, kwa juhudi za wazazi, kitengo cha watoto wenye usonji kilifunguliwa ndani ya shule ya msingi ya City, Nairobi. Sera ya mwaka 2018 nayo ilitia mkazo watoto wenye ulemavu kusoma pamoja na wenzao.

Hivyo mzazi ana njia tatu: darasa la kawaida, kitengo, au shule maalumu. Darasa la kawaida li karibu, ila mwalimu mmoja mwenye watoto wengi hana nafasi ya kumfuata mmoja anayeziba masikio kengele ilipo. Shule maalumu ya bweni humwondolea askari taabu ya uhamisho. Lakini mtoto asiyeweza kusema ameumia wapi, au nani kampiga, atalindwa na nani usiku? Kwa maoni yangu kitengo ndicho bora. Taabu ni kwamba hakipatikani kila mahali. Baba akipelekwa Mandera au Turkana, mama aweza kulazimika kubaki mjini na mtoto, na mshahara mmoja ukaendesha nyumba mbili.

Taarifa ya kituo cha upimaji isikae sandukuni. Mzazi aifikishe kwa mkuu wake wa kikosi kabla amri haijatoka, si baada yake. Na ikiwa safari haiepukiki, mtoto aonyeshwe mapema picha za shule mpya na za mwalimu wake. Kile kikombe kisipakiwe ndani ya lori. Akishike mwenyewe njiani.