Tuwasomeshe Wauguzi Tulio Nao
Hotuba ya mweka hazina wa tawi la Nairobi kwenye mkutano wetu wa mwaka



Mmezoea kuniona nikisimama hapa na daftari, nikisoma mapato na matumizi, kisha nikiketi. Hesabu za mwaka huu zimekaguliwa, na kila mwanachama anaweza kuzisoma kwa nafasi yake. Leo Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya pendekezo jipya, lile la kuwasomesha wauguzi wa zahanati zetu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi ni mhasibu, daftari ninalo. Lakini kuna mwaka mmoja nilikosea hesabu daftari likiwa mkononi, na kosa lile ndilo linalonisimamisha hapa.

Dada yangu mkubwa ni nesi. Wengi wenu mnamjua, wengine amewapokea duniani kwa mikono yake. Alipata cheti chake mwaka 1992. Kwa mshahara wa nesi wa cheti alinilipia karo ya shule ya upili, na baba alipofariki akanibeba mpaka nikamaliza chuo kikuu. Shahada yangu ya uhasibu ilitoka kwenye zamu zake za usiku.

Mwaka 2009 alinipigia simu. Alisema sasa muuguzi wa cheti anaweza kusoma mpaka afike ngazi ya diploma bila kuacha kazi, masomo yakiwa kwenye kompyuta. Aliomba nimkopeshe pesa za kuanzia. Nikachukua kikokotoo. Nikaandika karo upande mmoja, na nyongeza ya mshahara upande wa pili. Nikahesabu miaka aliyobakiza kabla ya kustaafu. Kisha nikamwambia, "Dada, hii hailipi." Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, ndugu yangu." Hakuniomba tena.

Ndugu zangu, tuelewe kwanza jambo lilivyokuwa. Kwa miaka mingi nchi yetu ilitegemea wauguzi wa cheti kuliko wa diploma. Ndio waliojaa kwenye zahanati za vijijini, pengine nesi mmoja peke yake, bila daktari wala tabibu. Kisha yakaja mambo ambayo wao hawakufundishwa vya kutosha walipokuwa chuoni, Ukimwi na dawa zake likiwa la kwanza. Katikati ya miaka ya 2000 walikuwa takriban 22,000. Kuwarudisha wote darasani haikuwezekana. Chukueni hesabu rahisi: hata kama vyuo vingewapa nafasi 1,000 kila mwaka, kazi hiyo ingechukua miaka 22, na nafasi zenyewe zilikuwa chache mno kuliko hizo. Tena nesi akienda chuoni miaka miwili, ni nani atakayefungua zahanati asubuhi?

Ndipo mwaka 2005 shirika la Amref, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya, Wizara ya Afya na kampuni ya Accenture, walipoanzisha mpango wa kuwasomesha wauguzi hao kwa njia ya kompyuta, wakiwa kazini. Vyuo kadhaa vikaingia, pamoja na KMTC. Nesi alikuwa akienda chuoni kwa muda mfupi kuonana na walimu, kisha anarudi kazini na masomo yake. Mazoezi ya vitendo aliyafanya kwenye wodi za hospitali kubwa, akisimamiwa. Mwishoni alikaa mtihani wa Baraza.

Nasema hivi kwa sababu nimesikia watu wakiuita "udaktari wa simu". La hasha. Kompyuta ilibeba nadharia tu. Kuzalisha, kutundika dripu, kumhudumia aliyetoka upasuaji, hayo yote yalifanywa kwa mikono, mbele ya msimamizi, na yakaandikwa kwenye kitabu cha mazoezi. Na mtihani wa Baraza hausahihishwi kwa huruma.

Dada alikwenda bila mimi. Aliuza ng'ombe mmoja, akakopa kwenye sacco. Zahanati yake haikuwa na umeme wakati ule. Alikuwa akiteremka na matatu ya kwanza siku zake za mapumziko mpaka hospitalini kulikokuwa na kompyuta. Aliniambia baadaye kwamba siku ya kwanza aliposhika kipanya mkono ulimtetemeka kuliko siku ya kwanza aliposhika sindano. Kijana wake aliyekuwa kidato cha pili ndiye aliyemfundisha kufungua faili. Akawa mwanafunzi wa mwanawe mezani, na mama yake jikoni.

Masomo yalikuwa ya miaka miwili. Yeye yalimchukua mitatu. Mnajua kwa nini? Si kwamba alishindwa. Wakati wa kujiandikisha kwa mtihani ulifika akiwa ametoka kulipa nauli na chumba cha wiki sita za mazoezi, na hakuwa na ada ya mtihani. Awamu ile ikampita. Ada yenyewe ilikuwa ndogo kuliko pesa nilizotumia mwaka ule kubadilisha magurudumu ya gari langu. Hakuniambia. Angeniambiaje, na mimi nilikwisha kusema hailipi?

Siku ya mahafali nilikwenda, nikakaa chini ya hema pamoja na wengine, nikapiga makofi. Tulipofika nyumbani akanipa bahasha nene ya kaki. Ndani mlikuwa na risiti zote za miaka mitatu, zimepangwa kwa tarehe. Akasema, "Wewe ni mhasibu, niwekee." Sikuweza kusema neno.

Bahasha ile ninayo hadi leo, na bajeti iliyo mbele yenu imetoka humo. Nilipojumlisha zile risiti nikaona kitu ambacho sikukijua. Karo ya chuo haikufika nusu ya gharama yote. Zaidi ya nusu ilikuwa mambo madogo madogo: nauli ya kuteremka na kupanda mlima, chumba cha kupanga karibu na hospitali ya mazoezi, chakula, kupiga chapa kazi za masomo, sare, ada ya mtihani, na kompyuta kuukuu aliyoinunua mwaka wa pili. Anayetafuta karo peke yake huishia njiani, kwa sababu karo inaonekana mapema na mtu hujipanga. Yanayomwangusha ni yale yanayokuja bila hodi.

Sasa mtaniuliza, faida iko wapi? Kwenye mstari mmoja sikukosea: mshahara. Alipeleka vyeti vyake kwa mwajiri, na kupandishwa cheo kukachukua miaka. Nisiwafiche hilo. Yeyote atakayesoma kwa tamaa ya mshahara wa mwezi ujao atavunjika moyo. Lakini mimi niliandika mstari ule mmoja nikaufunga ukurasa, kana kwamba nesi anamhudumia mwajiri wake tu.

Nitawapa kisa kimoja, kwa ruhusa ya mwenyewe, na bila jina lake. Jioni moja ya mvua aliletwa msichana mwenye mimba ya miezi minane. Alilalamika kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu. Uso ulikuwa umevimba. Nyumbani walidhani ni uchovu wa shamba, wakampa chai. Dada alimpima presha, akapima mkojo, akajua kwamba kifafa cha mimba kiko mlangoni. Hakungoja. Alimpa dozi ya kwanza ya dawa ya kuzuia degedege pale pale, akapiga simu hospitalini waandae wodi, akaandika barua ya rufaa yenye saa na vipimo, na akapanda naye kwenye gari la jirani lililokuwa likipeleka kabeji Mombasa. Mama alifika akiwa hai, na mtoto akazaliwa salama. Mtoto huyo sasa anasoma, nimemwona leo kwenye kwaya ya shule.

Nilimuuliza dada, je, ukiwa na cheti tu ungeshindwa? Akanijibu, na ninawaomba mlikumbuke jibu lake, kwa sababu hatutaki kuwadharau wauguzi wa cheti. Alisema, "Hatari ningeiona. Lakini zamani ningeiona na kungoja niambiwe la kufanya. Sasa najua kwa nini inatokea, na najua dakika ngapi ninazo."

Ndugu zangu, Juni 2013 serikali iliondoa ada ya kujifungua katika vituo vyake, na wengi wakaacha kuzalia nyumbani. Hilo ni jema. Lakini mama akishafika zahanatini, uhai wake uko mikononi mwa yule atakayemkuta pale. Chama chetu kimejenga. Tumepaka rangi, tumeweka tangi la maji, tumenunua vitanda. Mimi ndiye niliyetia sahihi hundi, na ninajivunia. Lakini kitanda hakipimi presha.

Najua maswali mliyo nayo, kwa sababu nimeyasikia tangu jana usiku.

La kwanza: je, hii si kazi ya serikali? Ndiyo, kulipa mshahara na kuleta dawa ni kazi ya serikali, na tangu ugatuzi wa mwaka 2013 ni kazi ya kaunti. Tuendelee kuwadai. Lakini nauli ya wiki sita na ada ya mtihani havimo kwenye bajeti ya mtu yeyote isipokuwa ya nesi mwenyewe. Hapo ndipo sisi tunaweza kusimama.

La pili, na hili ni zito: tukimsomesha, si ataondoka? Atapelekwa kituo kingine, au ataruka kwenda ng'ambo. Ni kweli, wengine wataondoka. Mwaka 2021 nchi yetu ilitia sahihi mkataba wa kupeleka wauguzi Uingereza, na sote tuna jamaa walio Ghuba. Siwezi kuwaahidi kwamba hakuna atakayekwenda. Ninachoweza kusema ni kwamba anayesoma akiwa hapa hapa ana nyumba yake hapa, shamba lake, watoto wake shuleni. Dada yangu hakuondoka. Na kwa usalama wa fedha zenu, kamati inapendekeza mapatano ya maandishi: msaada uwe mkopo usio na riba, na kila mwaka atakaohudumu kwenye zahanati za kwetu baada ya kufaulu, theluthi moja ya mkopo inafutwa. Baada ya miaka mitatu hadaiwi chochote. Akiondoka kabla, analipa kilichobaki, na kinamsomesha mwingine. Akihamishwa kaunti ikitaka, si kosa lake, na hatutamdai.

La tatu: tutajuaje kwamba chuo ni cha kweli? Vijana wetu wengi wamelizwa na vyuo vya mfukoni. Kwa hiyo hakuna shilingi itakayotoka kabla kamati haijathibitisha na Baraza la Wauguzi lenyewe kwamba chuo kinatambuliwa kwa kozi hiyo, na kwamba muombaji ana leseni ya kazi iliyo hai na alama zinazotakiwa. Karo italipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na ada ya mtihani vivyo hivyo. Nauli na chumba vitalipwa kwa risiti. Mimi nitasoma hesabu hizo hapa kila Desemba, mbele yenu na mbele ya wauguzi wenyewe.

Tunaomba kuanza na watatu. Wote ni wauguzi wa cheti, wote wanafanya kazi kwenye zahanati mnazozijua, na hakuna hata mmoja atakayefunga mlango wa zahanati ili asome. Kompyuta watakazotumia zitabaki mali ya chama, zirithiwe na watakaofuata. Nyumba nyingi sasa zina umeme, na mtandao unashika hata kwenye vilele vyetu, ukiacha siku za mvua kubwa. Njia ni nyepesi kuliko ile aliyopita dada yangu. Isiwe nzito kwa sababu yetu.

Mwenyekiti, namalizia. Mwaka jana nilimrudia dada nikamwomba msamaha. Alicheka, akaniambia deni lake halilipwi kwake, nilipe kwa wanaokuja. Basi leo naanza mimi. Ada ya mtihani ya wote watatu iko kwenye bahasha hii, ile ile ya kaki. Naiweka mezani.

Yaliyobaki ni nauli, chumba, bando na karo. Kila aliyezaliwa mikononi mwa nesi wa zahanati ya kwetu, na aje.