Goso Aingie Nyumbani: Usomaji wa Watoto Wadogo



Kuna msemo unaorudiwa redioni na kwenye semina: ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiandike kitabuni. Baadhi ya wasomi wameuvika joho. Wanasema sisi ni watu wa masimulizi, masikio yetu yamezoea sauti, ndiyo maana watoto wetu hawapendi vitabu. Leo naomba niuvunje mbele yenu.

Historia yenyewe inaukana. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utenzi, alianza kwa kumwita asogee na wino na karatasi. Hakumpeleka chuoni kwa mwalimu. Alimwita kwake nyumbani, naye mwenyewe akiwa mgonjwa. Sauti ya mama na kalamu ya mwana vilikaa pamoja. Nani basi aliyevigombanisha?

Tena msemo huu unamlaumu msomaji bila kuuliza kitabu kiko wapi. Takwimu za serikali ya Tanzania za 1986 zilihesabu watu wazima karibu 90 katika kila 100 kuwa wanajua kusoma, baada ya kampeni za kisomo. Watu hawa waliitafuta elimu ya herufi wakiwa na watoto na mashamba. Baadaye karatasi ilipanda bei na vitabu vya kiada vikameza soko lote.

Ila shahidi wangu mkuu ni hadithi fupi ambayo Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870, katika mkusanyiko wa hadithi alizozipata Unguja. Mwalimu Goso anafundisha watoto kusoma chini ya mbuyu. Paa anapanda mtini kuiba matunda, buyu linaanguka, linampiga mwalimu kichwani, anakufa. Wanafunzi wanamzika, kisha wanamsaka muuaji. Wanaikamata kusi, upepo wanaodhani ndio ulioangusha buyu, nayo inajitetea kwamba ingekuwa na nguvu hivyo, isingezuiwa na kiambaza. Kiambaza kinamtaja panya anayekitoboa. Panya anamtaja paka, paka kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, maji ng'ombe, ng'ombe inzi, na inzi paa. Paa hana la kujibu.

Tazameni ufundi huo! Kila hatua inarudia maneno yaleyale, kisha inaongeza jina moja tu. Mtoto wa miaka minne akiisikia kwa mara ya tatu, anamtaja paka kabla mzazi hajafunua ukurasa. Wasimulizi walioifuma hawakuhitaji karatasi, lakini wametuachia ngazi ya kusomea ambayo vitabu vingi vya ba, be, bi havijaifikia. Simulizi ndiyo iliyomtengenezea mtoto njia ya kuingia kitabuni.

Nakubali kwamba simulizi peke yake haifundishi herufi. Nakubali kuwa mama anayefunga genge saa mbili usiku amechoka, na kwamba nyumba nyingi hazina kitabu cha hadithi hata kimoja. Hata hivyo sitetereki: kitabu kimoja, kilekile, kila usiku, dakika kumi, bila maswali. Hilo la maswali nalisisitiza. Mzazi wa mjini akishika kitabu hugeuka msimamizi wa mtihani. Hii herufi gani? Fisi alikula nini? Mtoto anayetahiniwa mkekani atakikimbia kitabu, na ana haki.

Mwenzangu wa idara jirani ananiambia mtoto wa kitabu kilekile hasomi, anakariri. Kweli, anaanza kwa kukariri. Mjukuu wangu nilimwandikia Goso kwa herufi kubwa kwenye daftari. Jioni moja niliiruka kamba makusudi, nikatoka kwa paka hadi kisu. Akaweka kiganja juu ya ukurasa: "Babu, na kamba je?" Kidole chake kikapanda mistari kuitafuta, kikasimama kwenye kisu, kikaondoka, kikasimama kwenye kiambaza, kikaondoka tena. Herufi ya kwanza haikumsaidia, kwa kuwa kusi, kiambaza, kamba na kisu vyote vinaanza na K. Ilimbidi aitazame ya pili, mpaka akaipata. Kumbukumbu ilimwambia kamba imekosekana. Mahali ilipoandikwa alipatafuta kwa macho yake, na wala sikuwa nimemuuliza swali.